Usishuke Garini

Verna Sizemore alikuwa amewapokea nusu ya watoto wa Bonde la Caney kwa mikono yake mwenyewe, na baadhi yao walikwisha kurudi wodini kujifungua wa kwao. Hilo halikumsaidia kitu. Hospitali ilipoamua kwamba kila mkuu wa zamu, naye akiwa mmoja wao, awe na shahada ya uuguzi, leseni na stashahada yake viligeuka ghafla kuwa karatasi za kufungia maandazi. Wakuu wa zamu walipewa muda hadi mwisho wa mwaka uliofuata. Asiye na shahada angempisha mwenye nayo.

Verna hakuwa mtu wa kugombea vyeo. Alikitaka hiki kwa sababu moja: mkuu wa zamu aliruhusiwa kuchagua mchana, na jioni akawa nyumbani na Delmer. Delmer, mumewe, alichimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakakataa, na sasa alipumua kwa mrija wa oksijeni puani. Usiku ndio uliomtesa. Bila cheo, Verna angerudishwa zamu ya usiku, na Delmer angekohoa peke yake mpaka kunakucha.

Basi akaomba nafasi katika chuo cha masomo ya mtandaoni. Elimu haina mwisho, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kuombwa vitu alivyoombwa Verna. Walitaka matokeo ya chuo chake cha zamani, na chuo hicho kilikwisha kufungwa, majalada yake yakahamishiwa ofisi fulani ambako simu hupokewa na muziki. Somo la uandishi alilofaulu ujanani likaambiwa limepitwa na wakati, kana kwamba lilikuwa maziwa. Wakataka insha, "Kwa nini nataka kuwa muuguzi." Wakataka ushahidi kwamba hana kifua kikuu, na aliyewapima wafanyakazi wapya wa hospitali nzima ni yeye, ila hakuruhusiwa kujisainia. Ikabidi aende kliniki ya mji wa pili, akachomwe sindano na binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuishika.

"Kinyozi hajinyoi," Delmer akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Kisha binti wa usajili wa chuo akapiga simu. "Bi Verna, unao uzoefu wowote wa kazi za hospitali?"

"Kidogo. Nimeanza kabla mama yako hajakubeba mimba."

"Kwa hiyo niandike ndiyo?"

Alipokubaliwa, Verna alisimama kanisani Jumapili moja na kuwaomba watu wa Caney jambo ambalo halijawahi kuombwa na mtu bondeni humo. Tafadhali, alisema, msipite nyumbani mwisho wa juma, mpaka nimalize masomo. Alisema kwa upole, na watu wakaitikia kwa vichwa. Akarudi nyumbani, akafunua kitabu cha takwimu juu ya meza ya jikoni, na akakichukia tangu ukurasa wa kwanza mpaka alipofaulu mtihani wake.

Sasa lilibaki somo moja, afya ya jamii. Angelifeli hilo, mwaka ungeisha na cheo kingekwenda. Na ndani ya somo hilo kulikuwa na kazi moja iliyomchosha roho hata kabla hajaianza. Chagua jamii, mwalimu aliandika. Endesha gari polepole katikati yake. Tazama kupitia kioo kama mgeni, uandike unayoyaona: nyumba, maji, barabara, watu walio hatarini. Na chini, kwa herufi nene: usishuke garini, usimhoji mtu. Kazi ifike kabla ya Jumapili usiku, na asiyeileta amelifeli somo.

"Niitazame Caney kama mgeni," Verna akamwambia Delmer. "Nimezaliwa Caney. Nitaitazamaje kama mgeni?"

"Fumba jicho moja."

"Delmer, sina mzaha."

"Wala mimi. Mwalimu wako anaishi wapi?"

"Mjini. Kwenye ghorofa."

"Basi mwandikie chochote. Atajuaje?"

Lakini Verna hakuwa mtu wa kuandika chochote. Alichukua kalamu na kujibu swali moja palepale, maana jibu lake halikuhitaji gari. Nani katika jamii hii hushinda peke yake? Hakuna, aliandika. Huku watu hukutembelea mpaka utamani kutia komeo.

Jumamosi alitoka na gari lake jekundu la mizigo. Ulikuwa upuuzi mtupu. Huko Caney huwezi kumpita mtu barazani kwake ukaondoka zako. Utaambiwa umevimba kichwa, na vitukuu wako watasimuliwa. Nyumba ya kwanza akaitwa. Akaeleza kutoka dirishani kwamba haruhusiwi kushuka, basi sahani ya maharage na mkate wa mahindi ikamfuata palepale kwenye usukani. Nyumba ya pili walimpa mkono wapimwe shinikizo la damu. Nyumba ya tatu, bibi kizee Oma alimpakatisha chupa ya viazi vyekundu vya siki.

"Mpelekee Delmer," Oma alisema. "Siku nyingi hatujamwona, maskini."

"Nitampa, bibi."

Giza likaingia hajaandika hata neno. Jumapili akaazima gari la wifi yake Jolene, dogo la kijivu, lenye vioo vya giza na namba za mjini. Hapo alijiona mjanja kweli. Alipandisha vioo, akaweka daftari pajani, akaanza kutambaa barabarani, akisimama kila nyumba na kuandika. Hakuna aliyemwita, na kazi ikamwendea vizuri sana.

Kilichomponza ni kwamba huko kwao, gari geni linalotambaa huku mtu ndani yake akiandika, ni la watoza kodi au ni la kampuni ya gesi. Alipofika kwenye kona ya daraja akakuta trekta limeegeshwa katikati ya barabara, na juu yake ameketi mzee Hobart, mume wa Oma, amekunja mikono. Mbwa wake alikuwa amekwisha kulikojolea gurudumu la Jolene.

"Kodi au gesi?" Hobart akauliza.

Verna akashusha kioo. "Mzee Hobart, ondoa hilo dude."

Mzee akainama, akachungulia. "Verna? Umekuwa mtu wa serikali?"

"Ni kazi ya shule. Nimetakiwa nitazame nyumba bila kushuka."

"Nyumba zetu unazijua mpaka chini ya vitanda. Wanakufundisha nini huko, kuwa kipofu?"

"Wananifundisha subira, na leo imeniisha. Nipishe, ina mwisho leo usiku."

Hobart hakuharakisha. Alishuka, akamfukuza mbwa, akashika kiti cha trekta. "Utamaliza lini? Oma ananiuliza kila siku. Anataka kumwona Delmer."

"Si aje tu?"

"Aje vipi, binti? Ulisema tusije. Hatukuja. Wala hajaja mtu mwingine, maana ulisema mbele ya kanisa zima." Akawasha trekta. "Sisi hatuendi pale tulipoombwa tusiende."

Trekta likasogea pembeni. Verna akapita, ameudhika, akijitetea kimoyomoyo kwamba alisema mwisho wa juma tu, na kwamba watu wa Caney husikia wanachotaka. Lakini huko mtu akikufungia mlango siku mbili, hungoji akufungie na zile tano. Alilijua hilo. Alilelewa nalo.

Nyumba ya mwisho bondeni ilikuwa ya kwake. Alikaribia kuiruka, kisha akaona kazi ni kazi, akasimamisha gari upande wa pili wa barabara na kuitazama. Ngazi ya baraza ilikuwa imeoza ubao mmoja. Viti vya wageni vimegeuzwa, vimeegemezwa ukutani. Kwenye kile kimoja kilichobaki alikaa mzee mwembamba mwenye mrija puani, anatazama barabara. Mzee akaliona gari. Akashika nguzo, akainuka kwa taabu, akapunga mkono, kama mtu aliyengoja gari lolote tangu asubuhi.

Verna alishusha kioo kidogo tu. Jua lilikuwa usoni mwa Delmer, akaona kivuli cha mwanamke tu.

"Kama unamtafuta Verna, mama, hayupo," Delmer akaita, pumzi zikimkatika. "Anasoma. Ila karibu upumzike. Kiti kipo."

Verna akazima injini, akashuka. Akavigeuza viti vyote, kimoja kimoja, akavipanga barazani kama zamani, huku Delmer akimtazama na kuuliza gari la nani lile. Alikaa naye mpaka jua likazama. Ndipo akaingia ndani kuimalizia kazi na kuituma. Kwenye lile swali la anayeshinda peke yake alifuta "Hakuna" na kuandika, "Mume wangu." Na mwishoni kabisa akaongeza: "Kanuni nimeivunja, kwenye nyumba ya mwisho nilishuka. Kama ni kupunguza alama, punguzeni."