Bibi wa Dirishani Aliyeuawa na Kaka Yangu

Mama yangu alihamia kwangu na masanduku mawili, mto wake na sufuria yake ya chai, kwa sababu kaka yangu alikuwa amemuua kwenye katuni. Sijatia chumvi hata chembe.

Kazi ya kaka yangu ni kuingiza sauti kwenye filamu za kigeni. Mtaani wanamwita Radi, na ukimsikia akiomba kijiko utajua kwa nini. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba ya mama. Magodoro yamepigiliwa misumari ukutani, blanketi limefunika dirisha, na yeye yuko katikati kifua wazi, jasho linamtiririka, anasema maneno ya watu wote: jenerali, mateka, helikopta. Lugha za huko hajui hata salamu. Anatazama midomo na mikono, mengine anajaza mwenyewe. Miaka kumi na minane amejaza filamu za vita na hakuna aliyelalamika, maana bunduki ni bunduki.

Kisha mwenye duka la filamu, ambako mtaa mzima huenda kuzitazama, akamletea katuni ya Kijapani. Wasichana watatu wamepanga katika nyumba ya bibi mmoja, basi. Hakuna anayepigwa, hakuna anayekimbizwa. Sehemu nzima wanatafuta kandambili. Sehemu nyingine kifuniko cha chupa kimekwama. Radi alikaa na kile kifuniko siku mbili, uvumilivu ukamwishia, akaficha humo chupani ramani ya kambi ya jeshi. Mleta barua akawa jasusi. Paka akapewa cheo cha kanali.

Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa dirishani, ametupa kisogo, na sehemu zote kumi na mbili hakugeuka hata mara moja. Radi akampa sauti ya mama. Tena si sauti tu, na maneno yenyewe: "Taa inawaka mchana kweupe, mnamwangazia nani?" "Funga mlango huo, au umezaliwa stendi?" Watu dukani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama naye alicheka, nilimwona kwa macho yangu, ila alijidai anakohoa.

Sehemu ya mwisho, picha ikatulia juu ya kisogo cha bibi kwa muda mrefu, nje majani yanapukutika. Mtu aliyelelewa na filamu za vita akiona picha imetulia hivyo anaelewa jambo moja tu. Radi akashusha sauti: "Na hapo, ndugu watazamaji, bibi yetu akakata roho, bila hata kuaga." Kisha akalia dakika nne nzima, kwa sauti tatu za wasichana.

Watu walitoka dukani macho mekundu. Kesho yake jirani mmoja akaja kumpa mama pole. Mama akauliza pole ya nini.

"Ya kufa kwako," jirani akasema, akavuta kiti akakaa.

Mama hakugomba. Alifunga masanduku.

"Mama, ile ni katuni tu," nilimwambia mlangoni kwangu.

"Maneno ya nani yale?"

"Yako."

"Haya, aliyekufa nani? Mtu nimekaa zangu kimya kwenye kiti changu, ananizika! Mwambie aliniua mbele za watu, anifufue mbele za watu. Bila hivyo kwangu sirudi."

Siku tisa zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Makabati yangu yote yalipangwa upya, na mume wangu akawa akitaka chumvi anabisha hodi jikoni. Kila asubuhi Radi alikuja akasimama uani, na mama alipitisha macho juu yake kana kwamba ni kamba ya kuanikia nguo. Radi akaanza kukonda. Lile lisauti lake likabaki la kunong'ona, na hilo liliniuma kweli. Nilikuwa na hasira naye, lakini sikupenda kumwona hivyo.

Msimu wa pili ukafika. Sehemu ya kwanza, dakika ya tatu, Radi akanipigia simu.

"Dada, amegeuka!"

"Nani?"

"Marehemu! Amegeuka, anamenya chungwa!"

Akajaribu kusema ni pacha wake. Mama akanituma nimjibu kwamba hana pacha. Akajaribu kusema ni mzimu. Mama akasema mzimu ungekula chungwa na maganda yake. Radi akaniuliza kama kuna njia ya tatu, nikamwambia mimi si mwenzake kwenye mauaji hayo.

Jumapili alasiri nikamkalisha mama mbele ya televisheni yangu, tukautazama ule msimu wa pili bila Radi, Kijapani kitupu. Nilidhani atasinzia. Wapi! Katika msimu wa kwanza watengenezaji walikuwa na haraka ya kutuchekesha, kila mtu anateleza, kila mtu anapiga kelele. Sasa walikuwa wametulia. Msichana wa kandambili hakuanguka tena. Aliinama tu kuchungulia chini ya kiti, nasi tukawa tumeshacheka, kwa sababu tunamjua. Na bibi walimgeuza atuelekee. Kumbe muda wote ule alikuwa na uso, na uso wenyewe ulikuwa unatabasamu. Mama alicheka waziwazi, bila kikohozi, kisha akafuta macho.

"Hawa hawahitaji kanali," akasema. "Nipeleke kwa ndugu yako."

Alipoingia kwenye chumba cha magodoro, Radi alisimama ghafla, waya ukamnasa mguu, akakaa tena. Mama akachukua kiti cha pili, akakivuta kipaza sauti karibu kama anavyovuta sinia la mchele wa kuchambua. Nikawasha picha.

"Ndugu watazamaji..." Radi akaanza.

"Nyamaza."

Akanyamaza. Kwenye skrini wasichana watatu walikuwa wamesimama wakimtazama bibi. Bibi akafungua mdomo. Mama alisubiri mpaka nikafikiri amesahau alichokuja kufanya, kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Sikufa. Nilikuwa nawasikiliza."

Radi hakukumbuka kuzima. Yote yamerekodiwa. Kwanza anasikika mtu mzima akivuta kamasi, halafu sauti yake, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia: "Mama, mbona hukusema siku zote hizo?"

"Ningesema saa ngapi? Wewe ulikuwa unaongea."

Hatukufuta kitu. Dukani wanadhani maneno hayo ni ya katuni, na wakifika hapo wanacheka kuliko pengine pote. Mimi hapo sichekagi. Mama alirudi kwake jioni ile ile na sufuria yake, na kile chumba sasa kina viti viwili siku zote. Kabla ya kuanza, Radi humuuliza, "Mama, unasema nini?" Kisha anakaa kimya, mikono magotini, mpaka ajibiwe.