Mbwa wa Tatu

Mtaani walimwita Mama Sindano, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akishona viti vya magari. Alijua gari kwa ndani kuliko mwenye gari mwenyewe: nini huangukia chini ya viti, sponji gani inazama haraka, mtu gani anakula akiendesha. Lakini gari lake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo. Kuendesha alijifunzia uwanjani kwake, akisogeza magari ya wateja mbele na nyuma. Na mbwa? Mbwa alikuwa akiwaangalia kwa mbali, tena kwa jicho la pembeni.

Ndipo mdogo wake wa kiume, fundi wa kupaka rangi nyumba, alipoteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, alimshika dada yake mkono.

"Dada, gari nakuachia. Na watoto wangu nakuachia."

Hao watoto ni Karani na Jaji, mbwa wawili wakubwa waliozoea kwenda naye kazini kila siku, wamejaa madoa ya rangi hadi masikioni. Mama Sindano akakubali. Angesemaje, na mgonjwa yuko kwenye machela?

Siku ya kwanza aliwafungia nyumbani akaenda kazini. Walilia mpaka jirani wa chini akapanda juu kuuliza nani amefariki. Kuanzia hapo, popote aendapo nao wamo, hata hospitali kumtazama mgonjwa.

Huko hospitali ndiko kichwa kilikoanza kumuuma. Mdogo wake alikuwa amemwonya kwamba pale maegeshoni kuna watu wana vidole vyepesi. Alishawahi kuacha kioo wazi, akarudi mfuko wa brashi hauonekani. Basi Mama Sindano akapandisha vioo vyote, akaacha upenyo mdogo tu juu, akakimbia wodini. Hakukaa sana. Aliporudi, vioo vilikuwa na ukungu, Jaji amelala ulimi nje, ubavu unapanda na kushuka kama mvukuto. Mama wa watu alifungua milango yote. Aliwatoa akawapeleka kivulini, akawanywesha, akawalowesha maji miguu na tumbo, huku akiwaomba radhi kama vile anaongea na wakwe. Walipopata nafuu ndipo naye akakaa chini.

Kesho yake akashusha vioo vyote, halafu akashindwa kuondoka. Alisimama pale pale akilinda gari, muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na ndugu yake hakumwona.

"Hii sasa ni akili au matope?" alijiuliza njiani.

Akaenda kwa jirani yake wa kazini, fundi wa kuchomelea. Akamweleza kwamba anataka mlango wa buti ubaki wazi kidogo, lakini usifunguke zaidi.

"Wazi kiasi gani, mama?"

"Hewa ipite, mwizi asipite."

Fundi akamtengenezea chuma chenye ndoano upande huu na huu, na kufuli katikati, mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki. Yeye mwenyewe akachukua mikanda ya viti iliyochakaa, akaisuka kama wavu, akaishona kwenye fremu za madirisha ya nyuma. Vioo vikishuka, upepo unaingia huku na kutokea kule. Siku iliyofuata akaegesha kwenye kivuli cha ukuta wa jengo, akaacha bakuli la maji, akaingia ndani kwa madaha. Hata wauguzi walimwona amependeza.

Alirudi na ufunguo mkononi. Akachungulia.

Karani. Jaji. Na mbwa mwingine.

Alikuwa mdogo, mweusi, miguu mifupi, amejilaza katikati ya wenzake kama mwenye nyumba. Mama Sindano alirudi nyuma akasoma namba ya gari. Ni lile lile. Akatazama kufuli: limefungwa. Akavuta mikanda ya madirisha: hata uzi mmoja haujalegea. Akashika tama. Mtu wa kuiba mbwa anamjua. Sasa huyu aliyevunja gari akaongeza mbwa, tena akalifunga vizuri, ni mtu wa namna gani?

Akamwita mlinzi wa maegesho.

"Mwanangu, nani amegusa gari langu?"

"Hakuna, mama. Mimi niko hapa hapa."

"Na huyu mbwa?"

"Yupi kati yao?"

"Huyu mdogo! Mimi nimekuja na mbwa wawili."

Mlinzi alimtazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa watu wanaotoka wodini na habari mbaya. "Mama, mimi nimeingia zamu mchana huu, nikakuta watatu. Labda umechoka. Kuuguza kunachosha."

Mama Sindano alirudi wodini mbio. Mdogo wake alikuwa bado na dawa nyingi za maumivu mwilini.

"Hebu niambie, wewe una mbwa wangapi?"

Mgonjwa akainua vidole polepole. "Karani... Jaji..." Akakitazama kidole cha tatu muda mrefu. "Yule mwingine anaitwa nani vile?"

Mama Sindano akaanza kujitilia shaka. Inawezekana walikuwa watatu siku zote? Yeye mbwa hakuwa akiwaangalia vizuri, aliwasukumia chakula na kufunga mlango. Akarudi kwenye gari, akajaribu kumtoa yule mdogo. Akagoma, akajibana nyuma ya Jaji. Basi akaenda naye nyumbani. Kule alikula, akanywa, akalala, hakuna hata mmoja wa wenzake aliyemnusa kwa mshangao. Mama Sindano alihesabu mabakuli. Mawili. Lakini je, mabakuli ni ushahidi?

Kesho yake aliondoka na mbwa watatu, akafunga kila kitu kwa mkono wake, akalivuta kufuli mpaka likamuumiza vidole. Alipotoka wodini, akachungulia.

Walikuwa wawili.

Akahesabu tena. Alimtazama mlinzi, mlinzi naye akatazama pembeni haraka. Alipanda gari, akaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Alifikiri amuulize daktari wa mdogo wake, kisha akaogopa watamwongezea kitanda pembeni.

Siku ya tatu hakuingia wodini moja kwa moja. Alifunga gari, akaenda kujificha nyuma ya gari la kubebea nguo za kufuliwa, akachungulia. Mlinzi alimwona, akakohoa. Haukupita muda, mbwa mdogo akatokea upande wa jikoni, anatembea bila haraka. Akafika kwenye buti. Akaingiza pua kwenye upenyo, akageuza kichwa ubavu, bega moja, bega la pili, tumbo likakwama kidogo, miguu ya nyuma ikapiga teke hewani, akaingia. Karani hata hakuinua kichwa.

Mama Sindano alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mlinzi naye akaja akacheka, ingawa hakujua anacheka nini hadi alipoelezwa. Upenyo wa kuzuia mwizi ulimtosha mbwa kama umepimwa kwake. Alimpelekea fundi wa kuchomelea malalamiko.

"Mama, uliniambia mwizi," fundi alijitetea. "Mbwa hukumtaja."

Lililobaki ni kwamba mbwa ni wa nani. Mfagiaji alisema ni wa mpishi. Mpishi akasema ni wa watu wa duka la dawa. Wa duka la dawa wakasema wamekuwa wakimwona na mfagiaji. Mama Sindano alizunguka mzunguko huo mara mbili akachoka, na hadi leo jibu hajapata.

Mgonjwa aliruhusiwa kutoka, akaja anachechemea na magongo. Dada yake alikuwa ameshafungua milango yote minne, ameshusha na kiti cha mbele apate kukaa vizuri. Karani na Jaji walimrukia nusura wamvunje tena. Kisha akamwona yule mbwa mweusi anapita kando ya milango yote iliyo wazi, anakwenda zake nyuma, anajipenyeza kwenye buti kwa shida.

Mgonjwa alimgeukia dada yake taratibu.

"Dada, waliniambia dawa zimeshanitoka. Mbona naona watatu?"

"Ingia kwenye gari," alisema Mama Sindano. "Na funga mkanda."