Asubuhi Tuliyotangaza Baduki Tunduma

Siku yangu ya kwanza redioni nilipewa kusoma tangazo la ng'ombe aliyepotea Mbangala. Nilisoma mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Mkuu wa Vipindi, mama mkali aliyevaa miwani, akaingia studio.

"Dada, huyo ng'ombe ana rangi gani? Msikilizaji haoni. Mwonyeshe!"

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilifanya kazi Vwawa kwenye dawati la habari, kisha nikahamishiwa Tunduma kutangaza mpira. Huko tuliogopa sana kimya hewani, yaani zile sekunde ambazo redio haitoi sauti yoyote. Msikilizaji hudhani mitambo imezimika, anahamia stesheni ya Zambia. Basi fikirieni, wanangu, nilivyoshtuka Mkuu yuleyule aliponiagiza nitangaze mchezo ambao wachezaji wake hawasemi neno.

Ni baduki, mchezo wa Wakorea. Ubao una mistari iliyokatana. Mmoja huweka kete nyeusi, mwenzake nyeupe, kila mmoja akitaka kuzingira eneo kubwa zaidi. Kete zikizibwa pande zote zikakosa pumzi, yaani nafasi wazi ubavuni mwake, hutolewa. Watu wa kijiji cha Iyula waliujua kupitia kwa Mwalimu Sora, Mkorea aliyeishi kwao mumewe alipokuwa kwenye mradi wa kahawa. Jioni aliwafundisha majirani, na wengi hawakujua kwamba nchini mwake alikuwa mchezaji wa kulipwa. Alirudi Korea, na sasa alikuwa ameingia fainali ya mashindano ya wachezaji wa kulipwa, apambane na bingwa mtetezi.

"Iyula nzima wananipigia simu," Mkuu alisema. "Wanamtaka mtu wao."

"Mama, nitangaze nini? Watu wamekaa tu!"

"Tangaza wanavyokaa."

Korea ilikuwa mchana, kwetu asubuhi. Niliketi studio na Mwalimu Siwale wa hisabati, mwanafunzi wa Sora kutoka Iyula, picha ikitujia moja kwa moja kwenye kompyuta. Mimi nilitangaza mkono wa Sora unavyoelea juu ya ubao, jinsi bingwa anavyojikuna sikio. Siwale alieleza kila kete. Ghafla bingwa akalibana kundi kubwa la kete nyeusi za Sora.

"Kundi hili likifa, tumekwisha," Siwale akasema.

Dirishani niliwaona madereva wa malori, waliokuwa kwenye foleni ya mpakani, wakizima injini ili wasikie vizuri.

Muda wa kawaida wa Sora ulikuwa umeisha. Alibaki na sekunde kumi tu kwa kila kete, ambazo zikipita hujaweka kete umeshindwa. Nikazihesabu hewani: "Saba... nane..." Akaweka! Mahali ambapo mimi sikuona maana yoyote. Siwale akaruka, kiti kikaanguka.

"Ameunganisha! Kundi limepona! Iyula, kundi limepona!"

Maeneo yalipohesabiwa, Sora alikuwa ameshinda kwa nusu pointi. Mwenye kete nyeupe hupewa nyongeza yenye nusu ndani yake, ili pasitokee sare. Hata baada ya bingwa kupewa nyongeza hiyo, tukamzidi kwa nusu. Nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Nyuma ya kioo, Mkuu wa Vipindi alikuwa akicheza ngoma peke yake, miwani mkononi. Huko Iyula, tuliambiwa, watu waliacha majembe shambani.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza kuhusu kazi hii, huwasimulia kwanza asubuhi ile, si mechi yoyote ya mpira.

Msimu uliopita wa kuchuma kahawa, Sora alikuja kuwasalimu Iyula, ndipo tukaonana kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, mama," alisema. "Kule ukumbini hakuna aliyeshangilia. Hairuhusiwi. Naomba unitangazie."

Nikamtangazia palepale barazani kwa Siwale, kwa sauti yangu ya redioni. Nilipofika "saba... nane..." nilimwona ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili, macho yamemtoka, kama mtu asiyejua nani atashinda.