Siku ya Mtihani Tulipelekwa Kufyeka

Mkonge ukishakamuliwa huacha maji ya kijani yanayonuka kama kitu kilichooza ndani ya kitu kingine kilichooza. Maji hayo yalipita kwenye mfereji nyuma ya kambi yetu, huko Tanga, na sisi watoto wa kambi tulinuka hivyo hivyo, tuoge tusioge. Baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge kwa mkataba, na kambi nzima ilikuwa ya watu kama yeye, Waha, Wamakonde, Wabena, kila nyumba na lugha yake. Shuleni tulichanganywa na watoto wa makarani na wa wenye maduka. Tukiingia darasani wanabana pua. "Mfereji umefika!" wanasema, na mwalimu mkuu akiwepo anacheka nao. Ndiyo, alikuwa akicheka. Mengine nimemsamehe mtu yule, hilo bado.

Nilikuwa darasa la nne, miaka michache baada ya uhuru. Wakati ule la nne lilikuwa na mtihani. Ukishinda unaendelea la tano, ukishindwa unarudi nyumbani na habari yako imekwisha. Mwaka uliotangulia shule yetu ilifanya vibaya, na mkaguzi akamsema mwalimu mkuu mbele ya wazazi mpaka jasho likamtoka. Basi kiangazi kile chote tulikaririshwa hesabu za kuzidisha hadi koo likakauka. Na mimi nilisoma, asije mtu akasema sikusoma. Nilikuwa nakoroga uji huku natamka hesabu kwa sauti, mama ananiambia uji utaungua, na uliungua kweli, tukaunywa hivyo hivyo.

Asubuhi ya mtihani mwalimu mkuu alitupanga uwanjani akaita majina. Aliita ya watoto wa kambi tu. Nikadhani sisi ndio tunaingia kwanza. Kumbe tunagawiwa makwanja. "Nyie leo mtafyeka nyasi kule nyuma," akasema. Nikamuuliza, "Mwalimu, na mtihani?" Akanijibu bila hasira, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Mtihani ni wa wanaokaa. Mkataba wa baba yako ukiisha mnarudi kwenu. La tano utalifanyia nini?" Tukafyeka. Rafiki yangu Sikuzani, ambaye hata msibani haachi mzaha, akasema tufyeke vizuri, huenda serikali ikatupa cheti cha nyasi. Tukacheka, watoto ni watoto. Lakini madirisha yalikuwa wazi, na nilimsikia mwalimu wa hesabu akimuuliza mkuu wake kama hiyo ni haki. Akajibiwa, "Watoto wa kambi ndio waliotuangusha mwaka jana. Unataka tuanguke tena?" Nikasimama na kwanja mkononi, nikaona vichwa vya wenzangu vimeinama wanaandika, na dawati langu halina mtu.

Jioni nikamwambia baba. Mwanamume yule, aliyekuwa akikabana koo na nyapara akipunjwa fungu moja la mkonge, aliangalia chini akasema, "Mwalimu anajua kuliko sisi." Matokeo yakaja, shule ikasifiwa wilaya nzima. Wakachinja mbuzi, na sisi wa kambi tukaitwa kuteka maji ya kupikia. Niliyateka. Nikaweka ndoo chini nikaenda zangu, na shule nyingine sikuisoma.

Sasa naishi Merrylands, hapa Sydney, na binti yangu Rehema, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Mjukuu wangu Nasra amezaliwa huku huku. Korona ilipotufungia ndani alisoma miezi kwenye kompyuta juu ya meza ya chakula, kamera kaizima, anakula biskuti. Aliporudi shuleni kusoma kwake kulikuwa kumeshuka. Mwaka uliofuata akiwa darasa la tano, mtihani wa nchi nzima ukikaribia, shule ikampigia Rehema simu. Sauti tamu, pole tele. Watoto wamepitia mengi, mtihani si lazima, Nasra anaweza kupumzika nyumbani. Na Rehema akashukuru! "Wanamjali mtoto, mama," akaniambia. Nasra, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hunijibu kwa Kiingereza, akasema kwake ni sawa tu.

Mimi nikashuka ngazi kwa jirani yetu Mkongomani, Mama Furaha, mwanawe yuko darasa moja na Nasra. "Na miye walinipigia, Bibi," akasema. "Ile ile maneno. Banasema apumuzike." Mwarabu wa ghorofa ya juu naye alipigiwa. Mama wa Kizungu wa mlango wa pili, ambaye mtoto wake kusoma kunampiga chenga kuliko Nasra, hakupigiwa na mtu. Mtoto huyo mbona hakuonekana amechoka? Shule inalalamika Wazungu wanaikimbia kwa ajili ya matokeo mabaya, basi wanayasafisha matokeo kwa kuwafagia wetu.

"Mtoto ataandika," nikamwambia Rehema.

"Mama, huku si Tanga."

"Najua si Tanga. Kule walinitoa kwa kwanja. Huku wanamtoa kwa pole, na wewe unawaambia asante."

Akachukua mkoba wake akaenda kazini. Asubuhi ya mtihani nilivaa barakoa, nikamshika Nasra mkono hadi getini. Mwalimu aliyekuwa pale akaniuliza kwa upole kama familia ina uhakika. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini cha kujibu hilo kilitosha. Nikasimama hapo mpaka nikamwona mtoto ameingia.

Matokeo yalipotoka, kusoma kulikuwa chini, tena chini sana. Rehema alinitazama kama mimi ndiye niliyeandika. Lakini kwa kuwa sasa imejulikana yuko chini, Rehema alikwenda kuwadai, na wakampa Nasra mwalimu wa kumsomesha pembeni. Analalamika kila siku, na kila siku anakwenda. Mimi sisemi ningefaulu mtihani ule wa Tanga. Huenda ningeanguka vibaya kuliko wote. Nimezeeka, nimevuka bahari, nina wajukuu, na mpaka leo hakuna mtu duniani anayejua ningepata ngapi.