Punda Kumi na Mmoja Wasiokuwa kwenye Fomu

Ipo siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na tangu uliponionyesha kishikwambi chako chenye fomu za vijiji imeanza kunisumbua upya. Nimeketi kukuandikia na tayari nimeinuka mara mbili, mojawapo kufunga dirisha lililokuwa limefungwa. Kesho gari linakuchukua hapa Moshono likuzungushe vijiji vya magharibi ya Mlima Meru, uvipime maendeleo, uvipange kipi kiko mbele na kipi nyuma. Umefurahi, nami nimefurahi. Lakini kazi hiyo niliwahi kuifanya, na niliifanya vibaya, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeteremka kutoka Kilimanjaro, nauza viatu vya mitumba. Kiatu hakikuweza kunidanganya. Kabla sijakichukua nilikigeuza, nikakunja soli, nikatia mkono hadi kwenye vidole, maana juu kila mtu anajua kupaka rangi. Basi halmashauri moja ikatafuta vijana wenye cheti cha kidato cha sita na miguu mizima. Nilikuwa navyo vyote. Tukapewa fomu: mabomba mangapi, madarasa mangapi, watoto wangapi kwenye rejista. Kila jibu lina alama. Kijiji cha chini kabisa kingeletewa mradi wa maji kwanza. Wengine wangesubiri, na upande ule wa mlima, ambako mvua ikipita ni kama imekosea njia, kusubiri maji si jambo la kuandika kwa kalamu nyepesi.

Kijiji changu cha mwisho sikitaji. Mtendaji wake alinipokea vizuri, akanipeleka kwenye mabomba manne, moja baada ya jingine. Akafungua, maji yakatoka. Mimi nikaandika nne. Ardhi chini ya mabomba ilikuwa imepasuka, haina hata jani, nikaiona. Kando ya tangi la mabomba hayo walisimama punda, migongo imelowa, vichwa vimeinama kama watu waliotoka msibani. Nikawahesabu, unajua tabia yangu: kumi na mmoja. Nikawahesabu tena, kumi na mmoja. Shuleni rejista ilikuwa imejaa na madawati nusu yake matupu. Nikauliza wasichana wako wapi, mwalimu akasema wako njiani. Sikuuliza njia gani. Nilinakili rejista, nikanywa chai yenye maziwa ya kutosha, nikadandia pikipiki kabla wingu halijafika.

Orodha ilipotoka, kijiji kile kilikuwa cha pili kutoka juu. Niliona kama nimewapa zawadi.

Miezi miwili baadaye kibarua kimekwisha, niko mnadani na viatu vyangu, kwenye vumbi la ng'ombe. Akaja mama mmoja mtu mzima, amejifunga shuka, shanga hadi mabegani. Nikamwamkia, shikamoo yeyo, maana huku mama wa watu unamwita hivyo. Akaitikia, akaokota kiatu. Akakigeuza. Akakunja soli. Akatia mkono ndani hadi kwenye vidole. Nikajua nimepata mteja wa kunitoa jasho. Kumbe hakuwa na haja na kiatu.

"Wewe ndiye yule karani wa mabomba," akasema.

Nikakubali, tena kwa kujivuna kidogo. Ndipo akanieleza taratibu, huku anaendelea kukunja ile soli. Mabomba yao yalikuwa makavu tangu mwaka uliotangulia. Waliposikia mgeni anakuja, wanawake waliamka wakafunga madumu kwenye punda, wakaenda mtoni na kurudi, wakajaza tangi. Wasichana ambao mwalimu alisema wako njiani walikuwa njiani kweli, nyuma ya hao punda. Na sasa mradi umepelekwa kijiji kingine, kwa sababu wao wana mabomba manne.

Nikachukia. Nikamwambia, "Yeyo, tangi mlilijaza wenyewe. Kwa nini mlinidanganya?"

"Mgeni hapokelewi kwa bomba kavu, ni aibu yetu. Tulikupokea. Kuuliza ilikuwa kazi yako." Akakiweka kiatu chini, soli juu. "Nilikuona ukiwahesabu wale punda. Uliandika nini?"

Nikasema punda hawakuwa kwenye fomu.

Akaondoka bila kununua, na hiyo ndiyo mara pekee maishani niliyokuwa tayari kushusha bei bila kuombwa.

Nilikwenda ofisini, nikaeleza. Bosi wangu, mtu mpole, akasema orodha imeshasainiwa, tusubiri duru ijayo ya kupima. Duru hiyo ilichukua viangazi vinne kufika. Kila kiangazi nilipomwona punda mwenye madumu barabarani nilitazama pembeni. Duru ilipokaribia nilipanda mwenyewe hadi kijijini, nikawaomba mkutanoni wasijaze tangi. Wazee waligoma, mgeni ni mgeni. Yeyo yule akasimama, akasema yeye atafungua bomba kavu mbele ya karani mpya, na mwenye aibu abaki nyumbani. Akafanya hivyo.

Maji yalikuja. Kwenye uzinduzi sikwenda, kulikuwa na hotuba za kutosha bila yangu. Nilikwenda wiki ya tatu, bila taarifa, nikafungua bomba. Nikafunga. Nikafungua tena.

Sasa sikiliza, maana nimeinuka tena na chai imepoa. Fomu uliyopewa ijaze yote, usibishane nayo, ndiyo mkate wako. Lakini usiende siku waliyotangaziwa tu. Rudi siku nyingine, siku ya kufua, utazame nguo zinaanikwa wapi na maji yametoka wapi. Hesabu madawati yenye watoto, rejista itakusubiri. Na usikilinganishe kijiji ulichokipima wakati wa mvua na kile ulichokipima kiangazi, halafu ukasema hawa wavivu, hawa wachapakazi; sisi tulifanya hivyo, na tukapigiwa makofi. Watu watakuonyesha uzuri wao kwa sababu wanakuheshimu. Waheshimu nawe, uulize kinachowagharimu. Ukiona jambo lisilo na nafasi kwenye fomu, liandike pembeni kwa herufi kubwa, kisha ulipiganie ofisini kabla orodha haijasainiwa. Baada ya hapo utapigana na karatasi, na karatasi haichoki.

Mungu akutangulie kwenye zile barabara, akupe macho ya mnunuzi na ulimi wa mtoto mwenye adabu, akurudishe mzima. Na ukirudi, usianze kwa kuniambia kijiji gani kimeshika namba moja. Niambie kwanza punda walikuwa wangapi, na migongo yao ilikuwaje.