Bunduki ya Kuwindia Paa

Mwanangu alinipigia simu Jumapili moja baada ya alasiri, akaniuliza ni bunduki gani inayoruhusiwa kuwindia huku kwetu. Nilikuwa nimekaa sebuleni na ungo mapajani, nachambua mbaazi za kesho. Nikamjibu kwamba mamake ni muuza mahamri mbele ya hospitali ya Msambweni, si askari, na bunduki pekee aijuayo ni ile anayobeba mlinzi wa benki. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi ya babake, ambayo aliyafuatilia kwa simu hiyo hiyo.

"Niulizie tu, mama," akasema. "Nikija, nataka twende kule kwa paa wa babu."

Nikija. Miaka yote aliyokaa Marekani, neno hilo lilikuwa limepotea kinywani mwake. Mbaazi zile nilizichambua, nikazirudia kuzichambua.

Kabla ya hapo alikuwa amenitumia picha. Amesimama mwituni, kavaa kizibao cha rangi ya chungwa, bunduki ndefu imelala kifuani, na miguuni pake mnyama mfano wa kulungu mwenye pembe za matawi. Anafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe, na tajiri wake ni mpenzi wa kuwinda. Picha ile niliwaonyesha wateja wangu wote, hata wagonjwa.

Babu aliyemtaja ni baba wa marehemu mume wangu. Alikuwa na gobori, enzi ambazo mtu mwenye kibali aliweza kwenda msituni akarudi na kitoweo. Yeye alipiga, na mdogo wake akakimbilia mbele na kisu, amwahi paa kabla roho haijatoka, amwelekeze kibla, aseme bismillah, achinje. Mzee alikuwa akisema kuwa asipokuwepo mwenye kisu, mwenye bunduki ameua mzoga. Kisha serikali ikafunga uwindaji, gobori likasalimishwa polisi, na mwanangu akazaliwa hadithi ndiyo iliyobaki. Mume wangu alimsimulia kila jioni. Wakicheza uani, mtoto hakukubali hata siku moja kuwa mwenye kisu. Alishika ufito wake begani, ndio gobori, na babake, mtu mzima na kitambi chake, ndiye aliyepigishwa mbio kumchinja kuku wa watu kwa mkono mtupu.

Basi nikaenda kuuliza. Naibu wa chifu alinisikiliza akiwa amekunja uso. Mjane aliyejitanda buibui, anayetaka kujua habari za bunduki, siku hizi za ugaidi hapa pwani si jambo la mzaha.

"Mama, shikamoo tena," akasema. "Una ugomvi na mtu?"

"Marahaba. Sina hata wa kugombana naye."

Nilisema hivyo kwa utani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Akanishauri niende Kwale, kwenye ofisi ya wanyamapori, nikaulize wenye kazi yao.

Huko nilimkuta kijana wa bara, mpole, viatu vinang'aa. Nilipomaliza maelezo akatabasamu.

"Mama, hiyo kitu haiko."

"Hata ndogo?"

"Ndogo haiko, kubwa haiko. Shida si bunduki. Ni kuwinda ndiyo imekatazwa, Kenya nzima."

Akanieleza vizuri, sina lawama naye. Mtu anaweza kupewa leseni ya bunduki ya kujilinda, baada ya kuchunguzwa sana, na leseni ile ni ya jina lake peke yake. Hamwachii mke wala mtoto. Lakini hata akiwa nayo, siku atakayomwelekezea mnyama wa porini ili apate kitoweo, amekuwa mhalifu. Upinde vivyo hivyo. Mtego wa waya vivyo hivyo. Mbwa vivyo hivyo. Nyama pori ikikutwa sufuriani, mpishi naye ana kesi.

"Kanga je?"

"Kanga naye mwache."

"Na nguruwe mwitu wakinimalizia mihogo?"

"Utupigie simu, tutakuja."

Nikamshukuru, nikasema nitamwomba nguruwe awasubiri. Akacheka, akanisindikiza hadi mlangoni. Kijana wako akija, akasema, mwambie abebe kamera.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na jibu langu, na lilikuwa neno moja: hakuna. Jumapili ningemwambia, mambo yakaisha. Lakini simu ilipolia, nikajisikia nikisema, "Bado naulizia, mwanangu. Leo nimeambiwa habari ya upinde."

Sina budi kueleza. Simu zetu za awali zilikuwa hivi: Shikamoo mama. Marahaba. U mzima? Mzima. Umekula? Nimekula. Baridi huko? Baridi. Haya, tutaongea. Nikishaweka simu, nyumba ilinyamaza kuliko ilivyokuwa kabla haijalia. Mtu mmoja hapiki pilau, na mtu mmoja hana wa kumwambia kuwa chumvi imezidi. Upweke huo hakuna aliyeuona, maana alfajiri nilikuwa barabarani na karai langu, nataniana na dunia nzima.

Lakini bunduki ilitupa maneno. Sheria ile niliila kama mtu alaye muwa, pingili moja moja. Jumapili hii upinde, ile mtego, nyingine mambo ya leseni. Naye akanipa ya kwao: kwamba kuna msimu wa upinde na msimu wa bunduki, kwamba bunduki inayokubaliwa jimbo hili jimbo la pili hukataliwa, kwamba kizibao cha rangi ni cha lazima wasije wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe. Nikawa najua msimu wa kulungu wa Marekani kama nijuavyo msimu wa mbaazi. Tukiongea hadi adhana ya magharibi itukate, namwambia subiri, naswali narudi, naye anasubiri.

Nikaanza kuamini kuwa anakuja. Nikapaka chokaa chumba chake. Nikafua pazia, nikalianika, nikalitazama likikauka. Jirani akaniuliza mwanao aja lini, nikamjibu karibu, inshallah, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Sheria nayo ina mwisho, kama muwa. Ikafika Jumapili sina pingili iliyobaki. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chake, chokaa bado inanukia, nikaona nimechoka kuzunguka.

"Hakuna, mwanangu," nikamwambia. "Hakuna hata bunduki moja inayoruhusiwa. Njoo hivyo hivyo. Mimi sitaki paa, nakutaka wewe."

Nyuma yake nilisikia ng'ombe, na mlango wa bati ukigongwa na upepo.

"Najua, mama. Nilisoma kabla sijakuuliza."

"Basi Kwale umenipeleka kufanya nini?"

"Ulikuwa hunipi maneno. Kila siku nimekula, nimekula. Nilipotaja bunduki ukaanza kuongea."

Mimi nilidhani ninamshika yeye, kumbe naye alikuwa amenishika mimi, kila mmoja na upande wake wa kamba.

"Chumba chako kiko tayari," nikasema.

"Siwezi kuja, mama." Alilisema polepole, kama mtu anayetua mzigo asiumwage. "Karatasi zangu za kukaa huku ziliisha muda zamani. Nikitoka, sitaingia tena. Nilisema 'nikija' kwa sababu nilitaka kulisikia neno hilo."

Nikatazama ukuta mweupe. Machozi yalinitoka, nikayaacha. Nikamwuliza jambo la kijinga, maana ndilo lililokuwa karibu.

"Na bunduki ile ya kwenye picha?"

"Ya tajiri. Alinipa nishike tupige picha. Mtu kama mimi, kwa sheria ya huku, hata kuigusa si ruhusa."

"Hakuna yako?"

"Hakuna, mama. Kama huko."

Aibu yake ilinifikia hadi Msambweni, aibu ya mtoto aliyekuwa hakubali kuachia ufito wake.

"Sasa mwituni wanakupeleka kufanya nini?"

"Yeye akipiga, mimi nakimbilia mbele na kisu."

Adhana ilikuwa imeanza. Safari hii sikumwambia asubiri. Nikabana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Ukimfikia," nikamwuliza, "wasema bismillah?"

"Nasema, mama. Kwa sauti ndogo, wasinisikie."