Maneno Niliyomnyima Mdogo Wangu

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa karani katika shamba la mzungu mmoja mahali paitwapo Kwanza, nje ya Kitale. Mdogo wangu, niliyemwombea kazi pale, alikuwa akiswaga maksai wa kulima. Mimi nilisoma misheni nikakijua Kiingereza. Yeye aliacha shule mapema, na naona haya kusema kwamba nililipenda pengo hilo kati yetu.

Mtoto wa mwenye shamba aliitwa kwenye kikosi cha raga cha Kenya, timu ambayo siku hizo ilikuwa ya wazungu watupu. Jioni alifanya mazoezi kwenye malisho, na kwa kuwa hakuwa na wa kucheza naye, akawaambia wafanyakazi wamzuie asipite na ule mpira wake mrefu kama kiazi. Wengi walimpisha. Nani angethubutu kumwangusha mtoto wa bwana? Mdogo wangu peke yake ndiye aliyeinama, akamkumbatia mapaja, akamlaza kwenye nyasi. Kijana akainuka akicheka.

"Tena!" akasema.

Ikawa hivyo kila jioni.

Jumamosi moja akaja mgeni kutoka Nairobi, mmoja wa waliokuwa wakiwachagua wachezaji. Hakujua Kiswahili hata kidogo. Alimwona mdogo wangu akimwangusha mchezaji wake mara tatu mfululizo, akaniita nifasiri. Kisha akamshika mdogo wangu mkono, akaushikilia bila kuuachia, akasema kwa Kiingereza:

"Mwambie katika wote niliowachagua, hakuna anayeangusha mtu kama yeye. Ningekuwa na ruhusa ningemchukua leo. Mwambie aibu ni yetu, si yake."

Mdogo wangu alinitazama, akingoja. Mimi miaka yote hiyo sikuwahi kushikwa mkono na mzungu.

"Anasema umefanya vizuri," nikamwambia. "Sasa nenda ukafungue maksai."

"Basi? Si amesema maneno mengi?"

"Kiingereza ndivyo kilivyo."

Akaenda. Mgeni akaniuliza amejibu nini, nikasema ameshukuru.

Mwaka uliofuata mdogo wangu aliacha kazi, akarudi kwetu karibu na Malakisi kulima tumbaku. Kila Krismasi nilipokwenda nyumbani niliazimia kumwambia. Mara moja, tukitoka kanisani, yeye mwenyewe aligusia jambo hilo.

"Yule mzungu wa mpira," akasema, "mpaka leo sielewi kwa nini alinishika mkono vile."

Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kuingia.

"Labda alikufurahia," nikasema, nikaanza kuuliza habari za mvua.

Homa ya mapafu ilimchukua kabla ya mavuno. Nilifika kutoka Kitale nikakuta jeneza limeshafungwa. Baada ya maziko nilimfuata mjane wake jikoni, nikamweleza yote, neno kwa neno, kwa lugha yetu, kama nilivyopaswa kufanya siku ile. Alisikiliza, mikono yake ikiwa ndani ya maji ya vyombo.

"Alikuwa akikusifu kwa watu," akasema mwishowe. "Ati ndugu yake anaongea na wazungu." Akakung'uta maji mikononi. "Sasa kwa nini unaniambia mimi, shemeji?"

Akaniomba nisogee apite, maana wageni walikuwa wanangoja sahani.